Skana ianze stoo, si kaunta

Wenye maduka wengi Kampala wakinunua skana ya kwanza, kile kifaa cha kusoma bakodi, humkabidhi keshia. Ingefaa ianzie mlangoni pa stoo, mzigo wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, unaposhushwa, maana kosa likipita hapo utakutana nalo kaunta wateja wakiwa wamepanga foleni.

Kosa lenyewe mara nyingi ni katoni. Katoni ya sabuni za vipande 24 huwa na msimbopau wake (bakodi, kama wengi wanavyoiita), kwa kawaida wa tarakimu 14, na kila kipande kina wake wa tarakimu 13. Mpokea mzigo akiskani katoni na mfumo haujaambiwa kwamba msimbo ule ni vipande 24, unaandika 1. Jioni vipande 9 vimeuzwa na kompyuta inasema stoo ni hasi 8. Kwa aliyesajiliwa VAT mambo ni mazito zaidi: EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), ambao ni lazima kwake tangu Januari 2021, haikubali uuze bidhaa ambayo haijaingizwa kwenye stoo ya mfumo. Mteja ana pesa mkononi, sabuni iko rafuni, na ankara haitoki.

Basi kabla mzigo haujashushwa, sajili misimbo yote miwili chini ya bidhaa moja na uandike idadi. Kisha jaribu: skani katoni moja, utazame hesabu imepanda kwa 24 au kwa 1.

Kuna na kinyume chake. Pakiti ya chupa 6 iliyofungwa kwa nailoni angavu huonyesha misimbo ya chupa za ndani. Skana inadaka mmojawapo, na chupa sita zinatoka kwa bei ya moja. Ifunike misimbo hiyo kwa stika.

(Na ile 616 unayoiona mwanzoni mwa namba za msimbopau haimaanishi bidhaa imetengenezwa Kenya. Inaonyesha kampuni ilichukulia wapi namba zake, basi.)

Kwa mchele na maharage unayofunga mwenyewe, chapa misimbo inayoanza na 2; hiyo imeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Upana wa kawaida ni takriban milimita 37, ukihesabu na nafasi nyeupe za pembeni, na usishuke chini ya 30. Nafasi hizo usizikate ili kubana stika, kwani ndizo zinazoijulisha skana mistari inaanzia na kuishia wapi. Usichape mistari kwa wino mwekundu: skana nyingi humulika mwanga mwekundu, kwa hiyo zinaona karatasi tupu. Stika za karatasi ya joto nazo hufifia zikikaa kwenye jua la dirishani.

Badala ya skana, simujanja inatosha kuhesabia mzigo. Kwenye kaunta simu hiyo itakuchelewesha.

Waifai ndiyo husumbua zaidi. Ruta huwekwa ofisini kwa bosi, halafu watu wanashangaa simu kukata mtandao nyuma ya kreti za maji na soda. Maji hunyonya mawimbi, rafu za chuma huyarudisha. Ipandishe ruta darini, katikati ya duka. Kwenye masafa ya waifai ya 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache. Katika jengo lenye maduka mengi, 5 GHz huwa na nafuu ingawa haifiki mbali. Umeme ukikatika, betri ndogo ya ruta huokoa kazi, lakini soma kwanza volti kwenye kibandiko cha ruta: nyingi ni 12, nyingine 9.

Mtandao utakatika tu, kwa hiyo muulize muuza programu swali moja: simu isipokuwa hewani, inahifadhi nini? Tuseme rafuni kuna 20. Simu ya kwanza inauza 3 na kuandika "zimebaki 17". Ya pili inauza 5 na kuandika "zimebaki 15". Mtandao ukirudi, ya mwisho kutuma ndiyo inayobaki, nawe utaamini ni 15 au 17, wakati rafuni ziko 12. Programu nzuri hutuma "toa 3" na "toa 5", hesabu ikafanyika mahali pamoja.