Motokrosi ya zamani bila kumaliza akiba

Watu wengi wakitaka kuingia mbio za klasiki, yaani motokrosi (mbio za njia za udongo) kwa pikipiki za zamani, wanakimbilia Honda CR250M Elsinore ya 1973, ni pikipiki tamu kweli lakini wakusanyaji wanaigombania na bei iko juu. Mi nawaambia tafuteni Suzuki TM au Yamaha MX za miaka hiyohiyo ya 70, hazina jina kubwa ila zinakimbia, na raha yake ni ileile.

Ukienda kuangalia usihadaike na rangi. Fremu ndo roho, pitisha kidole kwenye welding ya shingo na pale swingi amu (mkono unaoshika tairi la nyuma) inapoingia, ukikuta ufa umejificha chini ya rangi mpya aga tu uondoke. Injini iliyokata pistoni hainitishi hata kidogo, silinda inachongwa unaweka pistoni saizi inayofuata maisha yanaendelea, kinachoumiza ni vitu vidogo ambavyo havitengenezwi tena kama plastiki orijino na kava za injini, kwahiyo afadhali kununua mzoga wenye vitu vyake vyote kuliko pikipiki nusu.

Na jamani sili za krenki, zile ringi za mpira zinazozuia hewa kwenye ncha za krenki, badilisheni! Kwenye pikipiki yangu ya kwanza niliipuuza sili ya upande wa sumaku (inayozalisha moto wa plagi), injini ikawa inavuta hewa, petroli ikapungua kwenye mchanganyiko, nikasikia injini inapanda mlio yenyewe halafu kimya. Kufungua, pistoni ina tundu katikati la kupitisha kidole. Sili yenyewe bei ya kutupa.

Sasa hivi nasuka spoku za rimu ya mbele, nikimaliza nahamia kabureta.