Jua Kyela, mvua Tukuyu

Watu wakisikia mimi ni programa na niko Mbeya wanajua natengeneza mifumo ya maduka na saccos, na kweli nilianzia huko, ndo kulikuwa na hela. Siku hizi nafanya mambo ya mvua na mafuriko, mshahara si wa kutambia ila sirudi.

Ishu ya huku iko hivi. Tukuyu inapiga zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na maji yanashuka na mito ya Kiwira na Mbaka mpaka Kyela, tambarare tupu, halafu Ziwa Nyasa. Kwa hiyo mtu wa Kyela anaanika kakao yake, jua kali, kumbe mto unajaa kwa mvua ambayo yeye hajaiona wala hajaisikia.

Kipima mvua chenyewe ni kitu kidogo tu. Ndani kuna kikombe kama bembea, ikiingia milimita 0.2 kinapinduka, kinahesabiwa, laini ya simu inatuma kwenye seva. Sasa buibui akijenga kwenye faneli, au jani likiziba, kikombe hakipinduki, seva inapokea sifuri, sifuri, sifuri, wakati nje mvua inapiga bati mpaka hamsikilizani. Na bando likiisha haiji hata hiyo sifuri, panabaki pengo, na kuna maprograma wanajaza sifuri kwenye pengo ili grafu ipendeze. Hiyo sifuri inaua mtu, sitanii.

Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilifunika nyumba Itezi, hapa hapa jijini. Mlima hauporomoki kwa mvua ya leo peke yake, udongo unashiba siku nyingi nyuma, ukikosa siku mbili za data hesabu yote inalala. Ndo maana muda wangu mwingi unaishia kukagua, kituo kikisema sifuri na vituo jirani vinasema milimita 40 programu isikiamini, itume mtu akafungue faneli. Ramani za rangi rangi wanazopenda wafadhili zinafuata baadaye. Satelaiti ya Sentinel-1 ina rada inayoona hata kukiwa na mawingu, na picha zake ni bure, ila inapita baada ya siku kadhaa na mto hausubiri.

Tahadhari rasmi ni ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, sisi tunasukuma taarifa zifike kijijini. Mwenyekiti mmoja wa kitongoji aliniambia, "Mwanangu, meseji ya saa nane usiku naisomaje? Nipigie!" Basi sasa mfumo unapiga, asipopokea anapigiwa mjumbe, naye asipopokea, mtendaji. Saa hizi napambana na namba za watu waliobadilisha laini bila kusema.