Nilivyoiokoa rododendroni yangu iliyogeuka njano

Mwaka huu nimehesabu mashada 41 kwenye rododendroni yangu, kichaka cha maua. Nimeyahesabu asubuhi, nikayahesabu tena jioni nikihofia kwamba nimezidisha, na ni 41 kweli. Maua mekundu yaliyoiva, yenye doa jeusi kooni. Miaka mitatu iliyopita mti huuhuu ulikuwa na majani ya njano kama karatasi kuukuu, na watu wanne waliokuja kuutazama wakanipa dawa nne, wote wakiwa wamesimama wima. Hakuna aliyeinama kugusa udongo. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Mti wenyewe ni chotara aitwaye 'Nova Zembla', aina iliyozalishwa Uholanzi na kuanza kuuzwa mwaka 1902. Jina ni la visiwa vya baridi kali kaskazini mwa Urusi, na kwa baridi kweli ni mvumilivu. Nilikuwa nimeutamani kwa muda mrefu, na fedha niliyotoa ingenunua vichaka vitatu vya kawaida. Nikauchimbia shimo refu karibu na ukuta wa nyumba, mahali pasipopigwa na jua la adhuhuri, nikajaza mboji, nikaufukia.

Majira ya kwanza ulichanua vizuri. Nikafurahi, nikaamini nimeweza. Sasa najua kwamba maua ya mwaka wa kwanza hayamshuhudii mpandaji: matumba yake yalishafungwa tangu mti ukiwa kitaluni, kwa kuwa rododendroni huandaa maua ya mwaka ujao mwishoni mwa kiangazi. Ukitaka kujua kama mti wako umeshika, tazama majani yanayofuata maua.

Ya kwangu yalitoka ya njano, mishipa tu ikabaki kijani. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye bustani yake ya mboga naihusudu, akasema, "Mwanangu, mti huo una njaa. Utilie majivu." Nikamwambia sawa, mama, nikatia ndoo nzima. Alinishauri kwa upendo, na mboga zake zinathibitisha kwamba majivu yanamfaa yeye. Lakini majivu ya kuni hufanya kazi kama chokaa, na chokaa ndiyo adui mkubwa wa rododendroni. Mti huu unataka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi imepungua) ya kama 4.5 hadi 6. pH ikizidi hapo, madini ya chuma yaliyomo ardhini hujifunga na mizizi haiwezi kuyafyonza, ndipo jani linapogeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Kwa hiyo mti wangu ulikuwa na kiu ya chuma, nami nikaufungia mlango.

Muuzaji wa miche akaniambia niongeze mbolea maradufu. Kingo za majani zikaungua, zikawa kahawia. Mwingine akasema nilime kuuzunguka upate hewa. Nikalima, na kila jembe liliposhuka nilikuwa nakata mizizi, kwa sababu mizizi ya rododendroni ni myembamba kama nyuzi na hulala juujuu. Wa nne akasema nimwagilie zaidi. Nikamwagilia maji ya bomba, ndoo mbili kila jioni.

Aliyenifumbua macho ni birika langu. Nilikuwa nasugua ukoko mweupe uliogandia ndani yake, mkono ukasimama. Chokaa ile ile iliyokuwa ikigandia birika nilikuwa nikiumiminia mti kila jioni, juu ya majivu, kando ya ukuta uliopigwa lipu ya saruji inayochujia chokaa ardhini kila mvua inaponyesha. Nilipima udongo siku hiyohiyo. Chini ya ukuta pH ilikuwa 7.4. Kwenye kona ya mbali, chini ya mti mkubwa wa kivuli chepesi, ilikuwa 6.3.

Basi nikaamua kuung'oa. Wote waliniambia utakufa. Nilitarajia kazi ya nusu siku, kamba na watu wawili wa kuvuta. Nikaingiza uma wa bustani upande mmoja, nikaukandamiza kidogo, na mti ukainuka mzima mikononi mwangu kama mfuniko wa sufuria. Baada ya mwaka mzima na nusu ardhini, bonge la mizizi lilikuwa bado na umbo la chungu cha kitaluni, hata mistari ya chungu ilionekana ubavuni. Hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umetoka nje. Chini ya shimo, kwenye udongo wa mfinyanzi, palikuwa na maji yaliyotuama yenye harufu mbaya. Nikalipasua bonge kwa kisu: katikati lilikuwa kavu kabisa, vumbi la kahawia likaniangukia miguuni. Maji yote yale niliyomimina yalipita kando ya bonge, yakashuka shimoni kuozesha mizizi ya chini, na moyo wa mti ukabaki jangwa. Huo mchanganyiko wa vitaluni ukikauka mara moja huyakataa maji.

Nikalitia bonge ndani ya beseni la maji ya mvua. Likaelea. Nikalikandamiza, likaibuka tena. Nikaweka jiwe juu yake, mapovu yakaanza kupanda, na nilikaa pale hadi giza nikiyatazama. Asubuhi mapovu yalikuwa yamekoma na bonge limezama lenyewe, zito, halihitaji jiwe. Sijui kama kuna furaha nyingine ya bustani inayofanana na hiyo.

Kisha nikafanya jambo ambalo wengi huliogopa: nikachana mizizi. Nikapitisha kisu ubavuni kutoka juu hadi chini, mahali panne, kina cha kidole kimoja, halafu nikaivuta kwa meno ya uma mpaka ile sufi ya mizizi iliyolifunika bonge ikalegea na nyuzi zikaning'inia nje. Mzizi uliozoea kuzunguka chungu utaendelea kuzunguka. Ukikatwa, hutoa ncha mpya zinazotafuta udongo. Nikauweka kwa muda katika chungu kipana chenye magome ya msonobari na mboji ya majani, na nikageukia ile kona ya mbali.

Pale nilichanganya salfa ya unga, nikasubiri miezi. Salfa haifanyi kazi yenyewe. Bakteria wa udongoni ndio huigeuza kuwa asidi, na kwenye baridi hupunguza kasi. Mtu atakayekwambia utumie alumini salfeti kwa kuwa ni ya haraka, usimsikilize, alumini ikizidi huidhuru mizizi hiihii unayotaka kuiokoa. Siki nayo hushusha pH kwa siku chache tu. Nilipopima tena nikapata 5.5.

Sikuchimba shimo safari hii. Nilitifua uso wa ardhi, nikarundika kichuguu cha kimo cha shubiri moja na nusu na upana wa kupita mkono ulionyooshwa, magome, majani yaliyooza na udongo wa pale pale, mti nikauketisha juu yake, bonge likiwa juu kidogo ya udongo uliouzunguka. Mvua ikinyesha maji hushuka, hayatuami. Juu nikatandaza majani ya msonobari kina cha vidole vinne, ila nikaacha nafasi kulizunguka shina, kwa sababu matandazo yanayogusa gome huliozesha. Jembe halijafika pale tangu siku hiyo. Magugu nayang'oa kwa mkono.

Maji ni ya pipa, ya mvua tu. Kiangazi kikiisha ndipo napokuwa makini zaidi, maana matumba yanafungwa wakati huo na ukame wa wiki mbili unaweza kuyafanya yadondoke. Tumba la maua ni nene, la jani ni jembamba. Ukijua kuvitofautisha utakuwa na majira yote ya baridi ya kutarajia.

Kuhusu baridi: usiku wa kwanza wa barafu majani yote yaliinama na kujikunja kama sigara, nikadhani nimeupoteza mti. Kulipopambazuka na jua kupata nguvu yakajinyoosha. Hiyo ni kinga yake, usiumwagilie kwa hofu. Yakijikunja siku ya joto, hapo ndipo kuna kiu, au mizizi imeoza, na unapaswa kuchunguza chini.

Maua yakinyauka nayakwanyua kwa kidole gumba na cha shahada. Yananata kidogo. Nenda polepole, kwa kuwa machipukizi mapya yako chini kabisa ya kikonyo na ukikata kwa kisu utayachukua nayo. Kupogoa, kama ni lazima, ni mara tu baada ya maua. Kuna kijana niliyemwomba anisaidie bustani, akaupunguza mwishoni mwa kiangazi ukawa mviringo mzuri, na mwaka uliofuata sikuona ua hata moja upande alioupita. Lingine: mti wangu ni wa kubebeshwa juu ya shina la aina nyingine, na mara moja chipukizi lenye majani tofauti lilitoka chini ya kiungo. Nililing'oa pale lilipoanzia. Ukiliacha, shina la chini litameza chotara uliyemnunua.

Matawi yaliyokatwa siyatupi karibu na mbuzi wala kondoo. Majani na nekta, yaani maji matamu ya maua, vina sumu. Mwaka 401 K.K. askari wa Xenophon, jemadari Mgiriki, walikula asali karibu na Bahari Nyeusi wakaanguka kama walevi, wakapona baada ya siku chache, na wengi husema nyuki waliitoa kwenye rododendroni.

Majira yaliyopita yule mama jirani alinunua ya kwake, ya waridi. Juzi alinijia akiwa na jani la njano mkononi, mishipa ikiwa kijani, akaniuliza, "Mwanangu, huu nao nikauongezee nini?" Nilimwambia, "Usiongeze chochote, mama. Nipe uma." Tukauinua pamoja. Ulitoka mwepesi, na umbo la chungu. Tulipoutia beseni ukaelea, yeye mwenyewe akaenda kutafuta jiwe.