Mkataba wa Mtoto wa Mbwa

Mwaka 2019 nilikwenda Limuru, Kenya, kwa mama mfugaji kumchukua mtoto dume wa mbwa aina ya German Shepherd, na kabla sijaoneshwa hata mkia, mkataba wa kurasa tano ulikuwa mezani.

Mama yule hakuwa mbabaishaji. Watoto walikuwa wametimiza wiki nane, wamepewa dawa ya minyoo kila baada ya wiki mbili, na kadi ya chanjo ilibandikwa stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha dawa, yenye namba ya toleo, na pembeni sahihi ya daktari wa mifugo. Kadi yenye tarehe za kalamu tupu haithibitishi kitu. Maswali yake nayo yalikuwa ya haki: ua una urefu gani, nani hushinda nyumbani, mbwa atalala wapi. Hata sharti la kumrudisha kwake nikishindwa kumtunza nililikubali bila ubishi, maana hilo humkinga mbwa asipitishwe mkono hadi mkono.

Kazi ilianza ukurasa wa tatu. Umiliki wa pamoja: jina lake libaki kwenye cheti cha usajili sambamba na langu, na awe na haki ya kumchukua dume kumpandishia majike yake, matibabu na usafiri juu yangu. Yaani nimlishe mimi, aamue yeye.

"Mama, unachohofia ni nini hasa?"

"Kwamba utamzalisha ovyo, kijana, kisha jina la banda langu liharibike."

"Basi tuandike hivyo: sitampandisha. Cheti kibaki na jina moja."

Akafikiri, akakata kifungu kwa kalamu. Nikamwomba aweke sahihi ndogo pembeni, kwenye nakala zote mbili. Kifungu kilichofutwa kwa mdomo tu hurudi siku mkikosana.

Sharti la kumhasi akiwa na miezi sita lilikuwa gumu zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliotolewa 2016, ulionesha kuwa madume wa aina hii waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walipata matatizo ya viungo kwa asilimia 21, dhidi ya asilimia 7 kwa wasiohasiwa. Homoni ndizo zinazofunga ncha za mifupa inayokua. Ukiziondoa mapema, mifupa huendelea kurefuka kupita kiasi. Tukaandika "baada ya miezi 18".

Lililoniudhi ni dhamana ya nyonga, yaani ahadi yake kuwajibika mbwa akipata kasoro ya nyonga: ingebatilika nisiponunua kwake unga wa kalsiamu kila mwezi. Huu si uangalifu, ni biashara. Mtoto wa mbwa wa umbo kubwa anayekula chakula kamili haongezewi kalsiamu. Kabla ya miezi sita hivi utumbo wake hauwezi kukataa ziada, na ziada hiyo huharibu mifupa inayokua. Nilimwambia nitanunua chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, na badala ya unga anioneshe picha za eksirei za nyonga za wazazi. Alikuwa nazo kabatini, zote daraja A, yaani nyonga zisizo na kasoro. Sijui kwa nini hakuanza nazo.

Arubuni niliitoa baada ya sahihi, si kabla. Ukishatanguliza pesa huna tena cha kujadili. Sharti la kumtumia picha kila mwezi nililiacha libaki. Ya mwisho niliyomtumia ilikuwa ya eksirei, mbwa akiwa na mwaka mmoja: nyonga zote mbili daraja B, karibu kabisa na zisizo na kasoro.