Ngozi ya Paji la Uso kwenye Pua ya Dada Yangu

Dada yangu, ambaye ana ualbino, aliishi na kidonda kidogo ubavuni mwa pua kwa karibu miaka miwili, akikipaka marhamu ya duka la dawa, hadi kipimo cha kipande kidogo cha nyama ya kidonda hicho kilipoonyesha kuwa ni saratani ya ngozi. Madaktari waliikata, wakasubiri majibu ya maabara yathibitishe kwamba kingo za sehemu iliyokatwa zimebaki safi, bila saratani, ndipo wakazungumzia kumjengea pua upya. Subira hiyo ilituchosha, lakini naamini ilikuwa ya lazima, kwa sababu kujenga juu ya saratani iliyobaki ni kuificha tu.

Walichukua gegedu (mfupa laini) la sikio ili tundu la pua lisiporomoke anapovuta pumzi, kisha wakashusha kipande cha ngozi ya paji la uso na kukishona puani, huku mzizi wake ukibaki umeshikamana karibu na nyusi, kwa kuwa mshipa wa damu unaopita hapo ndio unaokilisha. Mbinu hii ina asili ya India; daktari Joseph Carpue aliifanya London mwaka 1814. Kwa wiki 3 dada aliishi na utepe huo wa nyama katikati ya macho, na kila muuguzi alipoibonyeza ncha ya pua kwa kidole, tulingoja rangi irudi, ishara kwamba damu inafika, ndipo tushushe pumzi.

Mzizi ulikwisha kukatwa. Pua imebaki nene kidogo upande wa kushoto, na kila asubuhi, kabla ya kuvaa kofia yake pana, huipaka Kilisun, losheni ya kukinga ngozi na jua inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, akianzia kwenye mshono.