Tupishe kidogo

Wiki ilikuwa na mengi: mdogo wangu kajifungua mapacha salama, baba watoto kapata ule uhamisho aliouomba tangu mwaka juzi. Namshukuru Mungu. Lakini kila nikiweka kichwa kwenye mto nasikia sauti ile ile ya kwenye kikao cha wazee wa kanisa, nilipopeleka taarifa ya wahitaji tuliowatembelea: "Ahsante mama kwa taarifa. Sasa tupishe kidogo, wazee tujadili."

Sikufukuzwa, hapana. Mzee aliyesema ni mtu mpole, na aliinuka mwenyewe kunifungulia mlango. Ndiyo maana inaniuma. Angenikaripia, ningejua la kumjibu. Daftari likabaki mezani mbele yao, lile lenye mwandiko wangu na wa wenzangu wa idara ya wanawake, nyumba zote tulizopiga hodi. Mimi nikasimama nje naisikiliza kwaya ikifanya mazoezi. Tupishe kidogo!

Baadaye karani akaniletea maamuzi. Yule bibi yetu wa mlango wa bluu kaidhinishiwa fedha za dawa. Dawa anazo! Nimeziona kwa macho yangu chini ya mto, pakiti hazijaguswa, kwa sababu kaambiwa ameze baada ya kula, na chakula ndicho hana. Ningekuwa mle ndani ningelisema hilo kwa pumzi moja.

Usiku nikafungua Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, manung'uniko yakazuka. Wakachaguliwa saba: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao. Ni wanaume, najua, lakini yatazameni majina: yote saba ni ya Kiyunani. Mimi naona kazi ilikabidhiwa watu wa karibu na wale walioumia. Na Fibi, yule mama mhudumu wa kanisa la Kenkrea, je? Paulo anawaomba Warumi wampokee na wamsaidie kwa lolote atakalohitaji kwao. Si wapokee mzigo wake, kisha yeye asubiri nje.

Jumamosi nilikwenda kwa bibi na kinyongo changu. Tulikuwa watatu, tumechangishana tulichonacho. Alikula taratibu, akameza vidonge vyake kimoja kimoja, akifumba macho kila akimeza. Kisha akatuombea kwa majina, na watoto wetu, halafu akawaombea wazee wa kanisa, na sauti yake haikubadilika. Nilicheka huku machozi yananitoka. Nilirudi nyumbani mwepesi.

Barua kwa mchungaji nimeiandika hata hivyo, tena bila hasira: anayetembelea nyumba za watu abaki kikaoni mpaka uamuzi ufanyike. Wenzangu wote wameitia sahihi. Kesho baada ya ibada naikabidhi mkononi mwake.

Sasa kifunga mimba wangu huko chuoni hajapokea simu tangu asubuhi, na mwenzake wa bweni naye hapatikani. Kaka yake anasema ni chaji tu. Huyu mtoto si wa kuacha simu izimike.