Pumzi ya James Cotton

Ni wiki ya tatu sasa tangu nianze kujifunza harmonika, kile kinanda kidogo cha mdomo, na jana usiku, jirani alipogonga ukuta kwa mara ya pili, niliiweka kando nikamsikiliza James Cotton, mpiga harmonika wa Marekani aliyepiga bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi. Kosa langu lilidhihirika papo hapo: mimi hupuliza tu, ilhali yeye huvuta. Zile sauti za bluzi zinazolia na kupinda hupatikana zaidi kwa kuvuta pumzi kupitia vijilimi vya shaba, na ndiyo maana mpigaji huchukua harmonika ya ufunguo wa A, ambayo ikivutwa hutoa sauti za E, ili apige wimbo ulio katika ufunguo wa E.

Cotton alizaliwa Tunica, Mississippi, mwaka 1935, akajifunza kwa Sonny Boy Williamson, mpiga harmonika ambaye Cotton alimsikia kwanza redioni. Sonny Boy alipohamia Milwaukee alimwachia bendi nzima, naye angali kijana mdogo, na haikuchukua muda bendi hiyo ikasambaratika. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba utoto ndio uliomshinda. Nampenda kwa kutoificha habari hiyo.

Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi, alimchukua katika bendi yake mwishoni mwa 1954. Hapa ndipo nilipotulia zaidi, kwa sababu kwa miaka kadhaa alitakiwa apige jukwaani vilevile Little Walter, mpiga harmonika wa Muddy aliyemtangulia, alivyopiga kwenye santuri, bila kuongeza wala kupunguza, na hata Chess, kampuni iliyomrekodi Muddy, iliendelea kumwita Walter studioni wakati Cotton ndiye aliyekuwa akizunguka na bendi usiku baada ya usiku. Hatimaye alimweleza Muddy waziwazi kwamba yeye hatakuwa Little Walter kamwe, akaachiwa apige kwa namna yake. Mwaka 1966 aliondoka na kuunda bendi yake, na safari hii aliimudu.

Katika miaka ya 1990 alipata saratani ya koo. Albamu yake ya 1996, Deep in the Blues, ilimpatia tuzo ya Grammy, lakini sauti ilizidi kufifia hata akawaachia wengine kuimba, yeye akiketi kitini na harmonika yake, mpaka alipofariki Austin mwezi Machi 2017 akiwa na miaka 81.

Katika albamu ya 2013, Cotton Mouth Man, aliimba wimbo mmoja tu, Bonnie Blue, uliobeba jina la shamba alikozaliwa. Nimeurudia mara nne. Maneno yanatoka kwa mkwaruzo, karibu ni kunong'ona. Kisha anavuta pumzi, na harmonika inaingia nzima, haina hata ufa.